Mbao za Grevilea Juu ya Lava

Mti wa baba uliota mahali ambapo mti hautakiwi kuota. Parseli yetu iko upande wa magharibi wa Goma, kwenye njia ya kwenda Mugunga, na parseli yenyewe ni lava tupu: ukipiga jembe unapata cheche kabla ya kupata udongo. Baba alipofika hapo akitoka milima ya Masisi, akiwa amebaki na mke, godoro, na mimi mgongoni mwa mama, alizunguka kiwanja kizima akitafuta ufa. Alipoupata, aliujaza udongo aliouomba kwa watu wenye bustani, akiubeba ndani ya kofia yake kwa sababu ndoo hakuwa nayo. Kisha akapanda mche wa grevilea, mwembamba kama kalamu ya risasi. Mama anasema majirani walikuja kutazama. Walisema yule mfugaji anapanda mti ndani ya jiko.

Sijawahi kuelewa mti ule ulikula nini huko chini. Nilikua nikiutazama na sikuelewa. Mizizi yake ilipokosa njia ya kushuka ilitambaa juu ya mawe, ikayakumbatia kama vidole vya mtu anayeshika ukingo asianguke, na kila penye tundu ikatumbukiza kidole kimoja. Majani yake yalikuwa ya kijani juu na ya fedha chini. Upepo wa ziwa ukipita, mti mzima ulibadilika rangi, halafu ukarudia ya kwanza. Ulipochanua, maua ya rangi ya chungwa yalijaa asali, nasi watoto tulinyonya tukawagombeza nyuki. Nilipomaliza shule, shina lake mimi na mama tulilikumbatia pamoja, na vidole vyetu vikagusana kwa shida.

Halafu mlima wa moto ulitapika tena, na ardhi ya Goma ikatetemeka kwa siku nyingi mfululizo. Lava ya safari hiyo haikufika kwetu. Lakini ile ya zamani, iliyo chini ya miguu yetu, ilipasuka hapa na pale, na ufa wa baba ukafunguka zaidi. Mti ukaanza kuinama. Uliinamia upande wa jirani yetu, mama mmoja mjane anayeuza makala, yaani makaa, kwenye kibanda cha mbele ya nyumba yake. Kila asubuhi alisimama chini ya mti, akapima kwa macho umbali kati ya matawi na mabati yake.

Siku moja alikuja, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai, ndipo tukajua ni jambo zito.

"Papa," alimwambia baba, "minakuheshimu, lakini huu muti yako iko inanitongoza. Kila asubui iko karibu zaidi. Bwana yangu Mungu alimuchukua, na sitaki mwingine wa majani."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Alikubali kwamba mti ungeanguka na ungeua. Jirani naye, kwa kuona amekubaliwa upesi, akaongeza kwamba hakuna haja ya kuhangaika: yeye angeleta watu wake, wangekata, wangechoma, na sisi tungepata magunia yetu ya makala. Hapo baba aliacha kucheka.

Lazima nieleze. Goma hupika kwa makala, na kila mti unaoanguka karibu na Goma hujulikana mapema utaishia wapi. Hakuna ubaya ndani yake. Nasi pia tunapika. Lakini baba alikuwa na jambo lake. Huko milimani alipanda miti ya msederi kuzunguka zizi la ng'ombe, na parachichi nyuma ya nyumba, na tulipokimbia vyote vilibaki. Baadaye alisikia kwamba msederi wote ulikatwa ukawa kuni. Alipanda tena mahali pa pili, tukakimbia tena. Siku hiyo, mbele ya jirani, ndipo aliposema kwa sauti kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema.

"Kila muti nilipanda, mutu mwingine aliupikia. Huu hapana."

Akasema utakuwa chumba. Chumba chake na cha mama kilikuwa nyuma ya nyumba yetu ya mbao, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeoza, tukauziba kwa turubai ambalo upepo ulilipiga makofi. Mti ungekuwa kuta za chumba kipya. Halafu akanigeukia, akaniambia mimi ndiye nitakayekijenga.

Kwetu baba humwita binti yake mama, hasa akiwa na jambo la kumwomba. "Utafanya weye, mama," alisema.

Nikamwambia sijui.

"Minajua haujui. Utafanya weye."

Sitajifanya jasiri. Useremala nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kwa kubomoa vigoda vya nyumbani ili nione jinsi vilivyoshikana. Hakuna aliyenifundisha, na ndiyo maana siamini chochote ninachokijua. Napima, napima tena, halafu naamka kitandani kwenda kuhakikisha kwamba kipimo hakijabadilika. Niliwahi kujenga banda la kuku, likawa zuri, kila mtu akalisifu, nami nikalibomoa kwa sababu mlango ulipofungwa ulitoa mlio nisioupenda. Kuku walilala jikoni kwa muda. Nilimkumbusha baba yote hayo ili amtafute fundi wa kweli. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema fundi angekuja akamaliza kazi akaenda zake. "Weye unaogopa," aliniambia. "Mutu mwenye anaogopa haharibu ovyo."

Wapasuaji wa mbao walikuja wawili, ndugu kutoka upande wa Kalengera, na msumeno mrefu uliofungwa kwa gunia kama mtoto mchanga. Baba alikataa msumeno wa mota. Alisema ule unatafuna sana. Kila ukipita ungegeuza unene wa kidole kizima kuwa vumbi, na yeye hakuwa na kidole cha kupoteza. Kabla hawajapanda mtini, mama aliomba tusali. Mama akianza kusali hana haraka: alimshukuru Mungu kwa mti, kwa kivuli, kwa nyuki, kwa mvua za miaka yote, akaingia kwenye watu wa ukoo mmoja mmoja. Jirani, aliyekuwa amehamisha sufuria zake zote nje na kuzikalia, alisema amina mara kadhaa ili kumsaidia kufika mwisho.

Walianza juu. Mmoja alipanda na kamba, akakata matawi moja moja na kuyashusha taratibu, mpaka mti ukabaki nguzo ndefu iliyo uchi, na mbingu ikaonekana mahali ambapo sikuwahi kuiona. Kisha wakafunga kamba kwenye mawe ya upande wetu, wakakata chini. Nilitarajia kelele. Mti ulitoa mlio mmoja mfupi, kama mtu anayetaka kusema kitu akaacha, ukageuka kidogo kwenye kamba, ukalala ndani ya parseli yetu sawasawa, kati ya jiko na choo. Ardhi iliruka chini ya miguu yetu. Watu wa Goma tunaijua ardhi inayoruka, na wote tulitazama upande wa mlima kabla ya kukumbuka ni mti tu.

Baba alivua kofia akaenda kugusa kisiki. Nami nikaenda. Kilikuwa kinatoa maji. Yalichuruzika kutoka kwenye mbao mpya, nyeupe yenye wekundu, yakaingia kwenye lava nyeusi na kupotea, na nikajiuliza maji hayo yalitoka wapi, katika mahali ambapo sisi wenyewe tunayanunua kwa bido, dumu kwa dumu.

Shimo la kupasulia halichimbiki kwetu, basi wale ndugu walijenga jukwaa la magogo, wakaliviringisha shina juu yake, mmoja akasimama juu na mwingine chini. Walivunja betri za zamani za toshi, wakachanganya unga wake mweusi na maji, wakachovya uzi, wakaunyoosha kutoka ncha hadi ncha na kuuachia. Ulipiga mara moja, ukaacha mstari mweusi ulionyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora kwa rula. Nilisimama hapo nikitamani kuishi kama mstari ule. Halafu msumeno ukaingia, juu, chini, juu, chini, na aliye chini akafumba macho kwa sababu ya unga wa mbao.

Ubao wa kwanza ulipoachana na gogo, aliye juu alimwaga maji juu yake kuosha vumbi, na mimi nikasahau kuogopa. Ndani ya mti mlikuwa na mng'ao. Sijui niseme vipi. Juu ya wekundu wa mbao palitapakaa madoa madogo marefu yaliyong'aa, yaliyopangana bila kufanana, kama sambaza, dagaa wa ziwa letu, wanapogeuka wote kwa pamoja karibu na uso wa ziwa. Ukiinamisha kichwa yalizimika. Ukisogea yaliwaka mahali pengine. Nilikua nimeegemea shina hilo. Nililia chini yake nilipofeli mtihani, nilianika sare yangu ya shule hapo, na muda wote huo yalikuwamo ndani, gizani, yanapangwa na hakuna aliyeyaona.

Mama alikuja na mikono yenye unga wa ugali, akatazama, akasema polepole, "Kumbe alikuwa amevaa hivi ndani."

Karibu na katikati msumeno ulipiga chuma. Aliye juu alilaani kwa Kinyarwanda, kwa adabu, kwa sababu mama alikuwa karibu. Walipopasua pembeni tuliona waya, mkunjo mzima, ulioviringwa na kuzikwa ndani ya mbao bila mlango wowote wa kuingilia, na kuuzunguka mbao ilikuwa imegeuka nyeusi ya bluu kama wino. Mama aliutambua. Ulikuwa waya wa kuanikia nguo, wa mwaka tuliofika, aliouzungusha kwenye mche ulipopata nguvu kidogo ili aanike nepi zangu. Waya ulipokatika alifikiri umeibwa. Mti uliula, ukafunga mdomo, ukaendelea kukua. Nilishika ubao ule wenye doa la wino nikashindwa kuuweka chini.

Sasa nifike kwenye makosa.

Mbao mbichi lazima zikaushwe kabla ya kujengea. Hilo kila mtu analijua. Na namna ya kukausha vitu Goma kila mtu anaijua pia. Muhogo, maharage, sambaza, mashuka, viatu vya shule: unavitandaza juu ya lava. Jiwe jeusi linakunywa jua tangu asubuhi, mchana huwezi kulikanyaga bila viatu, na kitu kibichi kinakauka kabla hujamaliza kufua kingine. Nyuma ya parseli yetu lava iko tambarare kama meza. Niliifagia. Niliiosha. Nilizitandaza mbao zote juu yake, moja moja, hakuna iliyogusa nyingine, ili kila moja ipate jua sawa na mwenzake. Video zilisema zipangwe kivulini na vijiti katikati, lakini nilijiambia hao ni watu wa nchi za baridi, hawana lava. Baba aliona akasema ni vizuri. Mama alisema ni vizuri. Hata jirani alichungulia juu ya senyenge akasema, "Fundi ya telefone, leo umefanya kama mutu wa hapa."

Nilijivuna. Niliziangalia asubuhi na jioni. Niliondoa majani yaliyoangukia juu yake.

Zilianza kujikunja siku ya jua kali. Nilisikia kabla ya kuona: mlio mdogo mkavu, kama mtu anavunja kijiti, halafu mwingine. Nilipofika, kingo za mbao zilikuwa zimeinuka, kila ubao umekuwa kama mfereji wa kukingia maji ya mvua. Jua lilikuwa limekausha uso wa juu ghafla huku chini bado kubichi, na mbao ikajivuta upande mmoja. Chache zilikuwa zimepasuka kwenye ncha. Niliweka rula juu ya moja, na chini ya rula ungeweza kupitisha yai.

Nilikaa katikati yake. Sikulia mara moja. Kwanza nilifanya hesabu za kijinga kichwani, ningeziranda kiasi gani ili zinyooke, na kila hesabu iliishia kwenye ubao mwembamba kama karatasi. Mti uliokaa umri wangu wote ukijipanga ndani yake, nami nimeuharibu kwa usafi. Ndipo nikalia.

Jirani alisikia. Alikuja na hakuchekesha. Alisimama akatazama zile mbao, akanihurumia kweli, na kwa sababu alinihurumia alisema jambo lile lile alilolisema mwanzoni: zikifika hapo hazina kazi nyingine, angezichukua, angechoma polepole, zingetoa makala nzuri nzito isiyo na moshi. Niliona baba amesimama mlangoni pa jiko akisikia. Alirudi ndani, na turubai likaendelea kupiga makofi.

Kukaa kimya kwake kuliniumiza kuliko kama angenigombeza. Angenigombeza ningejitetea. Siku iliyofuata hakutoka chumbani mpaka mchana, akisema ni kikohozi. Mama aliingia na kutoka, akaoshea vyombo mahali pake pa siku zote, kona ya uani panapokuwa na matope kidogo kwa sababu ya maji machafu anayoyamwaga. Hapo huwa anasimama juu ya bati la zamani. Bati lilikuwa limekwisha, basi alichukua ubao mmoja kati ya zile zilizoharibika, akaulaza kifudifudi ili usiyumbe, akasimama juu yake. Alimwaga maji ya vyombo, akamwaga ya kufulia, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilienda kuuondoa. Niseme ukweli, nilienda kwa hasira. Niliona ni dharau kuukanyaga. Niliuinua, nikauweka juu ya kizingiti cha saruji ili niupanguse, na haukuyumba. Niliubonyeza kona moja. Ya pili. Nikakimbia kuchukua rula, nikaiweka, na hapakuwa na mwanga chini yake. Ubao ulikuwa umenyooka.

Nilimwita baba kwa sauti iliyomtoa kitandani. Alikuja na blanketi mabegani. Aliuangalia, akaugeuza, akanusa upande uliokuwa chini, ambao ulikuwa bado na unyevu, akagusa upande wa juu uliopigwa na jua. Nikamwona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayesikia lugha ya kwao sokoni.

"Ni kama ngozi," alisema.

Alinieleza kwamba huko milimani ngozi ya ng'ombe ikianikwa vibaya hujikunja upande uliokauka haraka, na hakuna anayeitupa. Huirudishia maji upande ule ule na kuiwekea mawe. Aliongeza upesi kwamba mbao si ngozi na hana hakika. Lakini upande ulioinama ulikuwa umekula jua kuliko mwingine; sasa unywe, na mwingine ndio ule jua. "Muti bado haijamaliza kunywa," alisema. Tulitazamana. Umekatwa, umepasuliwa, umekaangwa juu ya jiwe, na bado unakunywa.

Shida ikawa pa kuzilaza. Lava haishiki maji, na matope ya mama yalitosha ubao mmoja. Baba alifikiria nyasi, lakini nyasi za kutosha mbao zote tungezipata wapi? Aliyetatua ni jirani. Alikuwa amesikiliza yote kutoka kibandani, na bila kuulizwa alianza kutupa juu ya senyenge magunia yake matupu, moja baada ya lingine, yale ya kufungia makala.

"Lowesha hayo," alisema. "Na maji yangu ya kufua nitakuletea. Lakini usinilaumu rangi."

Tuliyalowesha, tukayatandaza, tukalaza mbao kifudifudi juu yake, nyuma ya nyumba safari hii, mahali jua linapofika asubuhi tu. Maji machafu yalitoka kwa majirani wa pande zote. Watu walileta ndoo zao za mwisho wa kufua wakasimama kutazama mbao zinazonywa povu. Vumbi jeusi la magunia lilipanda kwenye mbao. Mama aliposema zitakuwa chafu, jirani alipiga kofi pajani. "Nilisema itakuwa makala," akasema, "mulikataa, sasa angalia." Baba alicheka tena, kwa mara ya kwanza tangu zilipojikunja, na nikajua nimesamehewa kosa ambalo hakuwahi kulitaja.

Hazikunyooka kama kwa muujiza, na wala si zote. Ilitubidi kuzigeuza, kuzipumzisha, kuzilowesha kidogo, kuzipanga kivulini na vijiti katikati kama video zilivyosema tangu mwanzo, na kuweka mawe ya lava juu. Zilizopasuka nilikata ncha zake. Mbili zilibaki zimepinda na hatukuweza kuzibembeleza. Lakini siku baada ya siku nilikuwa nikienda, nikiinua jiwe, naona ubao umeshuka kidogo zaidi, wenyewe, kimya, bila mtu kuushika. Nilizoea kukaa karibu nao nikifanya kazi zangu nyingine, nikisikiliza. Kulikuwa na milio midogo. Mama aliniuliza kama nasali. Nilimwambia sijui.

Tulipoanza kujenga nilikuwa nimebadilika kidogo, si sana. Bado nilipima kupita kiasi. Msingi ulikuwa wa mawe ya lava, nguzo za mkaratusi, na nguzo ya kona niliing'oa na kuisimamisha upya mpaka baba akaenda kukaa kwa jirani ili asinione. Lakini mbao zenyewe niliacha kuzilazimisha. Nilikuwa nimepanga zigusane ukingo kwa ukingo, bila nafasi hata ya wembe, kama kwenye video. Sasa nilizilaza moja ikifunika mwenzake kidogo, kama mabati ya paa, na kila ubao nikaupigilia upande mmoja tu, ili upande wa pili uweze kuvuta pumzi. Mvua ikija utanenepa, kiangazi utakonda, na ardhi ikitetemeka utacheza kidogo halafu urudi. Rangi ya magunia haikutoka yote hata nilipoziranda. Imebaki kama kivuli chembamba kwenye mishipa ya mbao, na sambaza wanaogelea ndani yake. Ubao wenye doa la waya niliuweka ndani, mahali ambapo mama angeuona akiwa amelala.

Siku ya kuhamisha kitanda ilikuwa Jumamosi mchana. Baba aliingia peke yake kwanza. Nilibaki mlangoni kwa sababu nilikuwa na orodha nzima kichwani ya mambo ya kumwonyesha kabla hajayaona mwenyewe: hapa ubao ni mfupi, hapa nilikosea kipimo nikaweka kiraka, hapa ndipo penye ufa niliouziba kwa unga wa mbao na gundi. Nilifungua mdomo kuanza. Yeye alikuwa ameweka kiganja ukutani, anatembea polepole kuzunguka chumba bila kukiondoa.

Alisimama kwenye jicho moja la mbao, mahali tawi lilipokuwa limetokea. Akasema tawi hili lilikuwa likitazama mlima. Akaenda mbele, akapata jingine: hili lilikuwa upande wa ziwa, ndilo nililokuwa nikining'inia nikiwa mdogo mpaka mama anipigie kelele. Mimi nilizipanga kwa uzuri, sikujua upande upi ulitazama wapi. Yeye alijua. Aliutambua mti wake wote ukutani, kama mtu anavyowatambua ng'ombe wake ndani ya zizi la mwingine, na kwa kila jicho la mbao alitaja kitu, nami niliyedhani naujua mti ule nilikuwa nikiujulia hapo.

Alipofika kwenye ubao ulio mzuri kuliko yote, ule ambao mng'ao wake unawaka ukifungua dirisha, aliniomba nyundo na msumari. Nikamuuliza anataka kufanya nini. Alitaka kutundika koti.

Nilimwambia anisubiri nitoboe kwanza kwa keekee, kwa sababu mbao kavu hupasuka, na hapo ni karibu mno na ukingo, na kuna nguzo nzuri pale kando. Nilisema mengine pia. Alinyoosha mkono tu mpaka nikampa. Nilifumba macho. Alipiga, si vizuri. Kikohozi kilimshika katikati, akapiga tena. Nilipofumbua, msumari ulikuwa umeingia umepinda, kichwa kimetazama pembeni, na kuuzunguka ubao ulikuwa mzima, haukupasuka hata unywele.

Baba aliuvuta msumari kwa nguvu. Haukutoka. Akauvuta tena, akiwa ameegemeza sikio karibu na ukuta.

"Sikia vile inashika, mama," alisema.

Akavua koti lake akalitundika, akaenda kufungua dirisha.